Herufi za Corona

Baba alinifundisha herufi za Corona kabla ya zile za shule.
P, pumzika. R, rudi. N, ngoja.
Mbili si herufi, lakini Baba hakujali.
L, lia, maana ukipanda Riat kwa L
injini hulia kama ndama aliyeachishwa ziwa.
D aliiruka. Alisema atanitafutia neno lake.
Sasa yuko chini ya udongo wa Chavakali
na neno sijalipata.

Jumatatu alfajiri natoka Mamboleo na trei kumi na nane za mayai.
Mlima unaanza. Mguu wangu umelala juu ya mafuta
kama kiganja juu ya paji la mtoto mwenye homa,
na gari linanguruma, linanguruma,
sindano ya injini inapanda, ya mwendo imeganda,
mpaka bodaboda iliyobeba kitanda inanipita.
Halafu, pu! Gia ya tatu inaingia kwa teke,
na nyuma nasikia ile sauti ndogo ya ganda.
Trei moja. Kufika Kiboswa, mbili.

Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti.
"Giaboksi imekufa, mama. Tafuta ya Japani, elfu hamsini."
Alisema *imekufa* kwa wepesi wa mtu ambaye hajazika.

Apondi wa Kibuye ana ovaroli ya kijani na kalamu sikioni.
Yeye alianza na maswali.
Inapiga teke ikiwa baridi, au ikishapata moto?
Zote mbili.
Mafuta ya giaboksi yalibadilishwa lini?
Nikatazama chini.
Na nani aliyeligusa mwisho gari hili, popote,
hata kama ni kufunga waya wa redio?

Nikamkumbuka Shiundu. Wiki ya matanga kabureta ilikohoa,
akaitengeneza usiku kwa tochi ili tubebe maji na viti.
Hakutaka hata shilingi.

Apondi akawasha injini, akaiacha ipate moto,
akapitisha mkono wa gia kwenye herufi zote, P hadi L na kurudi,
kisha, injini ikinguruma bado, akachomoa kijiti,
akakifuta kwa kitambaa cheupe, akakichovya tena.
Mafuta yalipaswa kuwa mekundu. Yalikuwa chai ya jana.
Akanusa. Akaninusisha.
"Yangenuka mkate ulioungua, ningekwambia uza kuku.
Haya yamezeeka tu."

Ndipo akanionyesha waya mwembamba
unaotoka kwenye kabureta na kushukia gizani.
Shiundu aliukaza kupita alama.
"Giaboksi haina macho," Apondi akasema.
"Mguu wako inausikia kwa waya huu tu,
na waya unaiambia umekanyaga hadi chini."

Miezi kumi na moja
gari la Baba limeamini kwamba nina haraka.
Nikakaa juu ya tairi.

Akaulegeza kwa spana namba kumi.
Mafuta akamwaga nusu, akakataa kuyamaliza:
klachi kuukuu, alisema, hushikiliwa na uchafu wake,
ukiuosha wote siku moja zinaachia.
Chujio akalisuuza kwa petroli.
Kwenye sumaku ya karteri palikuwa na unga mweusi, laini kama wanja.
Nikaugusa. Safari za Baba hizo:
Mbale, Luanda, kliniki ya sukari kila Alhamisi.

Tukaijaribu Riat. Ya kwanza, ya pili,
na ya tatu ikaingia bila teke,
kigugumizi kidogo tu, kama mtu anayetafuta jina lako.
"Hicho utaishi nacho," akasema.
"Rudi baada ya mwezi tumwage nusu nyingine."

Njiani kushuka nikamweleza habari za herufi,
kwamba D bado haina neno.
Hakufikiri sana. Alikuwa anaandika risiti juu ya goti.
"D ni deni," akasema, akaikata, akanipa.

Nikamlipa elfu tatu na trei moja ya mayai,
ile niliyoikagua yai kwa yai,
isiyo na ufa.